Kilomita Sitini na Nane

Daktari alipomwambia Mwalimu kwamba hawezi kwenda hija kwa miguu, Mwalimu alimjibu kuwa hakuja kuuliza habari za miguu, alikuja kuuliza habari za koo. Daktari hakucheka. Aliinua picha kwenye mwanga, akapitisha kalamu pale ambapo goita ilikuwa imelibana bomba la hewa, kisha akamgeukia mume wa Mwalimu. "Mtu mwenye njia nyembamba hivi hapandi hata ngazi zetu hizi," alisema, "sembuse kutembea siku tisa."

Mwalimu alikuwa wa chekechea. Kazi yake ilikuwa kuimba kutwa, na woga wake ulikuwa mmoja tu: kukatwa shingo akiwa na sauti, akaamka bila sauti. Upasuaji ulikuwa umeahirishwa mara mbili. Kila akilazwa kitandani, presha ilipanda, na daktari wa usingizi alikataa kumgusa. Mara ya pili nesi alimrudishia nguo zake ndani ya mfuko wa plastiki mbele ya wodi nzima, akamwambia, "Mama, nenda nyumbani ukatulie, wenzako wanasubiri kitanda." Siku hiyo ndipo alipoweka nadhiri. Angetembea na mahujaji mpaka kanisa dogo la kilimani, kisha angelala kitandani kwa moyo uliotua. Sasa na hilo limekatazwa.

Jioni waliketi watatu uani. Mume wake, Seremala, alikuwa akipiga msasa mguu wa meza. Binti yao, muuzaji wa duka la dawa, alikuwa ametoka kumpima mama yake presha, na hakuwa amependezwa na alichokisoma.

"Mama, Mungu si karani," alisema binti. "Hatakagua nani katembea na nani kapanda basi."

"Nadhiri ni nadhiri. Haibadilishwi kama dawa iliyoisha dukani."

"Basi nitakwenda mimi," alisema Seremala.

Wote wawili walimtazama. Seremala alikuwa na miaka sitini na maneno machache, na katika hayo machache hakuna aliyewahi kusikia la namna hiyo.

"Wewe?" aliuliza Mwalimu. "Kanisani kwenyewe huingii mpaka mlango ugome kufunga!"

"Miguu ni miguu, Mwalimu. Nadhiri ilitaka itembee, itatembea." Akapuliza vumbi la mbao. "Wewe kazi yako ni kutulia."

Alimwita Mwalimu kama walivyomwita watu wote, tangu wakiwa vijana. Siku ya kuondoka mkewe alimwekea sweta ambalo hakulihitaji, akamwambia atapiga simu kila jioni kuuliza wamefika wapi. Upasuaji ulipangwa siku ya tatu baada ya mahujaji kufika.

Msafara ulikuwa wa watu kama mia mbili. Viongozi walivaa vizibao vya njano na kupuliza filimbi, na nyuma lilifuata lori la mizigo. Walilala katika madarasa ya shule, wanaume huku, wanawake kule, madawati yamerundikwa ukutani. Seremala hakujua wimbo hata mmoja. Siku ya kwanza alijaribu kufuatisha kwa kuchezesha midomo, mpaka mama mmoja aliyetembea kando yake akamwambia kwa upole, mbele ya watu, "Baba, wewe funga tu, vumbi litakuingia."

Waliosikia walicheka. Mmoja wao alikuwa mwanamume mfupi aliyebeba begi dogo la ngozi, ambaye baada ya kucheka alisogea akatembea sambamba naye.

"Unatembea kama mtu aliyetumwa," alisema.

"Nimetumwa."

"Mimi nimejituma. Basi tugawane barabara."

Alikuwa kinyozi, na ndani ya begi mlikuwa na mkasi, nyembe, kitana na shuka la kumfunika mteja. Jioni ile ile alimkalisha mtu kwenye dawati akaanza kunyoa, na kufikia siku ya tatu nusu ya wanaume wa msafara walikuwa wamepita mkononi mwake. Alisema bila kukoma. Alisema kinyozi akinyamaza mteja husinzia, na mteja akisinzia hukatwa sikio. Seremala aligundua kwamba kusikiliza hakumchoshi. Alikuwa mtu wa karakana, aliyezoea mashine inayonguruma pembeni wakati yeye anawaza mambo yake.

Siku ya nne, katika mteremko mrefu, alimuuliza Kinyozi sababu ya safari yake.

"Kaka yangu alikufa mwaka juzi tukiwa hatusemeshani," alisema Kinyozi. "Miaka kumi na moja. Tuligombania ukuta baina ya nyumba yake na yangu. Yeye akisema umeingia kwake, mimi nikisema umeingia kwangu."

"Na ukweli?"

"Ukweli, mvua ya mwaka jana iliuangusha, na sasa kuku wake wanalala kwangu." Alilihamishia begi bega la pili. "Sikwenda mazikoni, Fundi. Nilifungua duka, nikanyoa watu."

Wakaendelea kuteremka.

Usiku wa pili Kinyozi alikuwa amemtumbua Seremala malengelenge kwa sindano na uzi, kwa mkono mwepesi kuliko wa nesi. Ila yeye mwenyewe hakuvua soksi hata mara moja. Alilala nazo. Seremala alipomuuliza alisema miguu yake haina adabu, akiivua darasa zima litahama. Watu walicheka. Siku ya tano hawakucheka tena, kwa sababu harufu ilikuwepo kweli, na wawili waliolala karibu naye walihamisha mikeka kimyakimya. Kinyozi aliwaona wakihama. Alijifunika uso na lile shuka la wateja.

Siku ya sita, kabla ya saa sita mchana, alianza kutembea kama mlevi. Seremala alimshika mkono, akausikia umewaka moto. Alimkalisha kando ya barabara, akamvua kiatu kwa nguvu huku mwenyewe akikataa. Soksi ilikuwa imegandamana na nyama. Ndani ya kiatu, kwenye soli, ilichomoza ncha ya msumari ndogo kama punje ya mchele. Seremala alikuwa mtu wa misumari. Alijua kwa kutazama tu kwamba ule haukuchomoza leo wala jana.

"Unatembea na msumari mguuni tangu lini?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sisikii kitu huko chini, Fundi," alisema Kinyozi. "Nina sukari. Miguu ilishakufa ganzi. Ningesema, wangenirudisha."

Kiongozi wa kizibao cha njano alikuja, akaziba pua, akaita lori. Alisema kuna hospitali katika mji ulio mbele, ambako msafara ungelala. Kinyozi angeachwa hapo. "Wewe baba endelea," alimwambia Seremala. "Msafara haumngoji mtu. Zimebaki kilomita sitini na nane tu kutoka hapo mjini."

Seremala alisema atatembea nao mpaka mjini, apite kumjulia hali, kisha akalale na wenzake. Ndivyo alivyofanya, isipokuwa la mwisho.

Hospitali ilikuwa ndogo, na wodi ya wanaume ilikuwa na vitanda arobaini na nesi wawili. Mkubwa wao, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta, alimpokea Seremala kwa kumkabidhi beseni.

"Hatimaye amepata mtu. Choo kiko kule, maji yako bombani nje."

"Mimi ni mpita njia," alisema Seremala. "Tunatembea pamoja."

"Na sisi sote tunatembea pamoja, baba. Nani atamwosha? Nani atamlisha? Mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu amebakiza kidogo tu aumbuliwe."

Kinyozi, macho mekundu, alisema kutoka kitandani, "Nenda, Fundi. Mkeo anakungoja." Alimpa namba moja tu ya kupiga, ya mjane wa kaka yake. Seremala alitoka barazani, akapiga, akaeleza. Yule mwanamke alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Aliyeutaka ukuta na auegemee," akakata simu.

Mwalimu alipopiga jioni na kuuliza wamefika wapi, Seremala alimwambia wamefika kwenye mji wenye hospitali. Huo haukuwa uongo. Alilala sakafuni chini ya kitanda cha Kinyozi, juu ya boksi lililokunjuliwa.

Asubuhi daktari alisema vidole viwili lazima vikatwe siku hiyo. Vikiachwa, kesho watazungumzia mguu. Kinyozi alikuwa akiweweseka kwa homa, akimwita mteja asiyekuwepo akae sawa, na hakuweza kushika kalamu. Nesi mwenye miwani alileta fomu akamwekea Seremala mezani.

"Jina lako hapa. Hapa uhusiano na mgonjwa."

Nje, barabarani, msafara ulikuwa unapita. Walikuwa wakiimba ule wimbo wa siku ya kwanza, na filimbi ilikuwa ikiwahimiza wa nyuma. Seremala aliona vizibao vya njano kupitia dirishani, akamwona yule mama aliyemwambia afunge mdomo, akaona hata begi lake mwenyewe juu ya lori. Alishika kalamu kama anavyoshika penseli ya kupigia mistari ubao. Kwenye uhusiano aliandika *kaka*. Alipomaliza wimbo ulikuwa hausikiki tena.

Mchana alimpigia binti yake dukani, akamweleza yote. Kwanza alisikia mteja akiuliza bei ya dawa ya kikohozi, na binti akimjibu. Kisha mlango ulifungwa.

"Baba, nisikilize. Jana presha yake ilikuwa nzuri. Mara ya kwanza tangu mwaka jana. Ameshapiga pasi nguo za kwenda nazo. Amechora njia yenu kwenye karatasi, kila jioni anatia alama mlipofika. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Basi ufike."

"Nifikeje, mwanangu? Huyu bado hata kukaa hawezi."

"Baba. Nimesema ufike."

Kwa hiyo Seremala alifika. Siku ya saba alimwambia mkewe wamevuka mto, siku ya nane wamelala chini ya kilima. Siku ya tisa simu ilimkuta kwenye karo la hospitali, akikamua shati la Kinyozi.

"Umefika?"

"Nimefika."

"Kukoje huko?"

Alitazama pande zote. "Kuna watu wengi," alisema. "Wengine wanalia."

"Umeniombea?"

"Nimekuombea." Hilo lilikuwa kweli. Alikuwa amefanya hivyo mara nyingi, bila kujua maneno yake yanavyopangwa.

Siku ya kumi na moja mjane wa kaka alitokea wodini bila taarifa, na shuka safi kwapani. Hakumsalimu mtu. Alimtazama shemeji yake, akautazama mguu uliofungwa, akasema, "Sogea huko," na kuanza kutandika. Seremala alipanda basi la jioni.

Upasuaji ulichukua saa tatu. Mwalimu aliingia akiwa ametulia hata daktari wa usingizi akamwuliza amekula nini. Kwa siku tatu alitumia kalamu na daftari. Siku ya nne alisema "Maji," kwa sauti ya mlango usiotiwa mafuta, na binti aliyekuwa amekaa pembeni alitoka nje kulia.

Baada ya mwezi sauti ilikuwa imerudi, nzito kuliko zamani, lakini ni yake. Jumapili ya kwanza alisimama kanisani akatoa ushuhuda. Alisema mume wake, wanayemjua kwa milango, alitembea siku tisa kwa ajili yake mpaka juu kilimani. Watu walipiga makofi. Seremala alikuwa akitazama bawaba. Kuanzia siku hiyo mtaa mzima ulimwita Hujaji. "Hujaji, kabati langu limepinda." "Hujaji, kitanda changu lini?" Mwanzoni alikuwa haitiki. Baadaye akaitika, maana kutoitika kulizua maswali.

Kinyozi alikuja wiki mbili baadaye, kwa fimbo. Alikuwa amekonda na amenyoa vizuri, na mkononi alikuwa na kitambaa laini cha kujifunga shingoni, zawadi kwa Mwalimu. Seremala alimwona kupitia mlango wa karakana, akaweka randa chini. Akaja haraka, lakini mtu wa fimbo alikuwa ameshakaa na ameshaanza.

"Shemeji, nimekuja kukushukuru wewe kabla yake yeye," Kinyozi alikuwa akisema. "Maana mume ni wako, na uliniazima siku sita. Kuniosha, kunilisha, kutia sahihi nikatwe hivi vidole! Nilimwambia nenda, kilomita sitini na nane si kitu, utawahi wenzako. Akakataa. Mtu wa namna hiyo humpati—"

Binti alikuwa amesimama kukusanya vikombe ambavyo havijanywewa.

"Siku sita zipi?" aliuliza Mwalimu.

Kinyozi aliwatazama mmoja mmoja, kisha akautazama mguu wake. "Nimesema sana," alisema. "Ni maradhi ya kazi."

"Hujasema sana, shemeji. Umesema mpaka mwisho, wenzako waliishia njiani. Kaa, ule."

Mwalimu alimlisha mgeni, akamuuliza habari za kidonda, akakijaribu kile kitambaa kipya juu ya kovu la shingoni, akamsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi alibaki amesimama.

"Njia ya mwongo fupi," alisema. "Yako imepungua kilomita sitini na nane. Na wewe?" alimgeukia binti.

"Nilijua, Mama. Mimi ndiye niliyemwambia."

"Kwa hiyo humu ndani mjinga alikuwa mmoja."

"Presha yako—"

"Presha ni yangu!" Sauti ilipasuka, akajishika shingo. Wote wawili walinyanyuka. Aliwazuia kwa kiganja mpaka pumzi ilipokaa sawa. "Nimerudishiwa sauti," alisema taratibu, "jambo la kwanza nililofanya nayo mbele ya watu ni kusema uongo. Hata sikujua kuwa nasema."

Kwa siku nne alizungumza na mumewe kupitia kwa binti. Mwambie baba yako chakula kipo. Mwambie baba yako kuna mtu mlangoni. Jumapili alisimama tena, bila kuitwa. Alisema kuna kosa katika ushuhuda wake, mume wake hakufika kilimani, alibaki njiani kumuuguza mtu. Akakaa. Huko nyuma mtu alicheka kidogo akajikohoza. Mchungaji aliangalia karatasi yake, akataja namba ya wimbo.

Wakati wa kutoka watu hawakujua wamwite Seremala nani. Baadhi walirudia Fundi. Baadhi walipita tu. Alikuwa ameshafika getini Mwalimu aliposema naye moja kwa moja, mara ya kwanza wiki ile.

"Shule zinafungwa Ijumaa. Mpigie Kinyozi, muulize kama mguu umepona."

Walianzia watatu kwenye lango la hospitali alikolazwa Kinyozi, pale Seremala alipoishia. Seremala alipendekeza basi liwasogeze kidogo kwa ajili ya mgonjwa, na wagonjwa wote wawili walikataa. Hakukuwa na msafara, filimbi wala lori. Kinyozi alivaa viatu vipya vya wazi, na kila asubuhi Seremala alipitisha vidole ndani ya soli zake kama anayekagua meza ya mteja. Mwalimu alipumzika kila baada ya nusu saa. Watu waliokaa barazani waliwauliza kama wamepotea, na mlinzi mmoja wa shule aliwafukuza, akisema msimu wa mahujaji umekwisha na hao ni wezi wa madawati. Njia ambayo wenzao waliimaliza kwa siku tatu, wao iliwachukua saba.

Siku ya tano, Kinyozi akiwa ametangulia, Mwalimu alisema, "Ungeniambia, ningekwambia ubaki naye."

"Ningejuaje?"

"Ungeuliza."

"Niliogopa," alisema Seremala.

"Mimi pia niliogopa. Miaka thelathini tunaishi nyumba moja, halafu kila mtu anaogopa chumbani kwake." Akampa mfuko wa chupa za maji abebe, akaendelea kutembea.

Kanisa la kilimani lilikuwa dogo kuliko walivyofikiri. Mpaka rangi mmoja alikuwa juu ya ngazi, akipaka ukuta chokaa, na ndoo zake zilikuwa mlangoni.

"Kumefungwa," alisema. "Rangi mbichi. Na watu walishakuja, miezi miwili sasa."

"Tumechelewa tu," alisema Kinyozi.

"Hatutagusa kitu," alisema Mwalimu, na akaingia peke yake.

Hakukaa. Alipotoka, bega lake moja lilikuwa na chokaa, na mpaka rangi akaguna. Kinyozi, ambaye hakuweza kutouliza, aliuliza ameomba nini.

"Sikuomba," alisema Mwalimu. "Nimemwambia tumefika."

Seremala naye alivua kofia, akaingia, na Kinyozi akamfuata kwa fimbo yake. Ndani hakukuwa na mengi ya kutazama. Walisimama kidogo, bega kwa bega, kisha wakatoka. Mpaka rangi aliwaonyesha kwa brashi kituo cha basi kilipo, chini ya kilima, nusu saa kwa mtu mzima wa afya. Basi lilikuwa la saa tisa. Ilikuwa bado saa sita, lakini walianza kushuka pale pale.